Bendera Zilizohesabiwa na Zilizoachwa

Ijumaa ya tarehe 2 Oktoba 1896, wajumbe wa klabu sita za mpira walikutana katika jumba la sanaa la Buxton mjini Melbourne, wakakubaliana kujitenga na chama chao. Kesho yake, Jumamosi, Collingwood na South Melbourne, ambazo zote zilikuwa miongoni mwa hizo sita, zilishuka uwanjani kugombea ubingwa wa chama kile kile zilichokwisha kukipa mgongo. Collingwood ilishinda kwa magoli 6 kwa 5. Ligi iliyozaliwa katika kikao kile inatimiza miaka 130 mwezi Oktoba 2026, na kumbukumbu zake zinasema Collingwood imechukua ubingwa mara 16. Ushindi wa Jumamosi ile haumo.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu historia ya taasisi hii, inayoitwa leo Australian Football League, imo katika hesabu yake ya mabingwa: nani amehesabiwa, nani ameachwa, na kwa nini.

Msomaji ambaye hajauona mchezo huu apate kwanza picha yake. Unachezwa katika uwanja wa kriketi, mpana na wa duara iliyovutika, na kila upande una wachezaji 18. Mpira una umbo la yai. Unapigwa kwa mguu, au unagongwa kwa ngumi kumfikia mwenzako; kuurusha kwa mkono ni kosa. Anayeudaka ukiwa hewani baada ya kupigwa umbali unaotakiwa hupewa nafasi ya kupiga bila kuguswa, ndiyo maana utawaona watu wakiruka hadi magoti yakakanyaga mabega ya wapinzani. Kila mwisho wa uwanja una milingoti minne isiyo na mwamba juu. Mpira ukipita katikati ya ile miwili mirefu ni goli, pointi 6; ukipita kati ya mrefu na mfupi ni pointi 1. Na ubingwa wenyewe kule huitwa bendera. Bingwa hupandisha bendera yake msimu unaofuata mbele ya watu wake, na desturi hiyo ni kongwe kuliko kombe, ambalo ligi ilianza kulitoa mwaka 1959 tu.

Mchezo ulitangulia ligi kwa karibu miaka 40. Julai 1858 Tom Wills, mchezaji kriketi aliyesoma katika shule ya Rugby huko Uingereza, aliandika barua katika gazeti la Bell's Life in Victoria akitaka iundwe klabu ya mpira ili wachezaji kriketi wasilegee miili wakati wa baridi. Mwezi Agosti mwaka huo shule mbili, Scotch College na Melbourne Grammar, zilipambana kwa wachezaji 40 kila upande, zikarudiana Jumamosi mbili zaidi, na mwisho zikatoka sare ya goli moja kwa moja. Mei 1859 Wills na wenzake wachache wa klabu ya Melbourne waliandika kanuni kumi. Kutoka hapo mchezo ulienea kwenye makoloni mengine. Chama cha Australia Kusini kilianzishwa tarehe 30 Aprili 1877, siku chache kabla ya kile cha Victoria. Perth ilipata chama chake mwaka 1885.

Katika miaka ile ya mwanzo Geelong ilichukua bendera 7 za chama cha Victoria, na Essendon ikachukua 4 mfululizo kuanzia 1891. Mwaka 1888 Norwood ya Adelaide iliishinda South Melbourne, bingwa wa Victoria, ikajiita bingwa wa Australia. Hakuna hata moja ya hizo inayosomwa katika orodha ya ligi. Hesabu inaanza 1897.

Kilichoivunja nyumba mwaka 1896 kilikuwa fedha za mlangoni. Chama cha Victoria kilikuwa na klabu 13, na wakubwa walikuwa wamechoka kupangiwa mambo kwa kura za klabu zisizoingiza watazamaji. Collingwood, Essendon, Fitzroy, Geelong, Melbourne na South Melbourne zikazialika Carlton na St Kilda, wakawa wanane. Footscray, North Melbourne, Port Melbourne, Richmond na Williamstown hazikuulizwa. Essendon ikawa bingwa wa kwanza mwaka 1897. Mwaka uliofuata Fitzroy ikaifunga Essendon katika Fainali Kuu ya kwanza. St Kilda, iliyoalikwa pamoja na udhaifu wake, ilipoteza michezo yake 48 ya mwanzo, nayo ikang'ang'ania. Hadi leo ina bendera moja, ya 1966, iliyopatikana kwa tofauti ya pointi 1 dhidi ya Collingwood.

Walioachwa nje hawakukaa kimya. Richmond iliingia ligi mwaka 1908. Mwaka 1924 bingwa wa chama, Footscray, alicheza na bingwa wa ligi, Essendon, katika mchezo wa kuwachangia askari waliopoteza viungo vitani. Watu wengi walikwenda kuangalia Essendon itashinda kwa kiasi gani. Footscray ilishinda kwa pointi 28. Msimu uliofuata mlango ukafunguliwa kwa Footscray, North Melbourne na Hawthorn, na ligi ikabaki na klabu 12 kwa zaidi ya miaka 60.

Ndani ya miaka hiyo ndiko yaliko mambo ambayo wazee wa Melbourne huyasimulia kana kwamba yametokea jana. Collingwood ya kocha Jock McHale ilichukua bendera nne mfululizo, 1927 hadi 1930, na hakuna aliyeifikia. Melbourne ya Norm Smith ilikaribia: ilishinda 1955, 1956 na 1957, ikafika fainali ya 1958, na aliyeizuia alikuwa Collingwood, akiilinda rekodi yake. Katika Fainali Kuu ya 1970 watazamaji 121,696 walijazana kwenye MCG, uwanja mkuu wa kriketi wa Melbourne, idadi ambayo haijafikiwa tena. Collingwood iliongoza kwa pointi 44 wakati wa mapumziko. Kocha wa Carlton, Ron Barassi, akawaambia vijana wake waugonge mpira kwa ngumi na kukimbia. Akamwingiza Ted Hopkins aliyekuwa benchi, naye akafunga magoli manne. Carlton ilishinda kwa pointi 10.

Lakini klabu ninayotaka kukaa nayo zaidi ni Fitzroy, kwa kuwa ndiyo iliyolipa gharama kubwa kuliko zote.

Ilikuwa klabu ya mtaa wa wafanyakazi, na ilikuwa miongoni mwa zile sita za usiku wa Oktoba 1896. Ilichukua bendera za 1898, 1899, 1904 na 1905. Katika hizo mbili za mwisho alicheza Joe Johnson, Mwaborigini wa kwanza kuingia katika ligi hii. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, klabu nyingi zilijitoa, na msimu wa 1916 ukabaki na timu nne tu. Fitzroy ilishinda michezo 2 kati ya 12, ikatoka sare 1, ikafungwa 9, ikashika mkia. Kwa kuwa hatua ya fainali ilikuwa ya timu nne, na timu zilikuwa nne, nayo ikaingia. Ikashinda kila mchezo uliofuata na kuchukua bendera. Hakuna klabu nyingine iliyomaliza ya mwisho na kuwa bingwa katika mwaka mmoja.

Fitzroy hiyo hiyo ndiyo iliyompokea Doug Nicholls mwaka 1932. Kabla ya hapo alijaribu bahati yake Carlton, akakataliwa kwa rangi ya ngozi yake. Nicholls alikuwa mfupi mno wa kimo, mwenye mbio za ajabu, na baadaye alikuwa mchungaji na mtetezi wa watu wake. Mwaka 1976 aliapishwa kuwa gavana wa Australia Kusini, Mwaborigini wa kwanza kushika cheo cha namna hiyo. Siku hizi ligi ina raundi ya kila mwaka yenye jina lake. Ilihitaji muda mrefu kufika hapo: Aprili 1993 Nicky Winmar wa St Kilda, baada ya kutukanwa mchana kutwa na mashabiki katika uwanja wa Collingwood, aliinua jezi yake na kuonyesha kidole kwenye ngozi yake, na kanuni ya kupiga marufuku matusi ya ubaguzi ikapitishwa mwaka 1995.

Bendera ya nane na ya mwisho ya Fitzroy ilikuwa ya 1944. Miongo minne baadaye klabu ilikuwa inahama viwanja na kukopa, na ligi nayo ilikuwa na njaa. Klabu za Melbourne zilikuwa zikinunua wachezaji wa Perth na Adelaide kwa fedha ambazo hazikuwa nazo. Kwamba wachezaji hao walikuwa na thamani lilishathibitika tarehe 8 Oktoba 1977, pale vijana waliozaliwa Australia Magharibi, wakiwamo waliokuwa wanalipwa na klabu za Victoria, walipoichezea nyumbani kwao na kuipiga Victoria kwa pointi 94. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuipanua ligi. South Melbourne ilihamishiwa Sydney mwaka 1982. West Coast ya Perth na Brisbane Bears ziliingia 1987, kila moja ikilipa ada ya dola milioni 4. Mwaka 1990 jina la Victoria likafutwa, ikawa AFL. Mwaka 1992 West Coast ikawa klabu ya kwanza kutoka nje ya Victoria kuchukua bendera.

Fitzroy haikuwa na fedha za kuusubiri wakati huo mpya. Mwaka 1996 mkopeshaji wake aliiweka chini ya msimamizi, mpango wa kuungana na North Melbourne ulikataliwa na klabu nyingine, na mwezi Julai ikaamuliwa iunganishwe na Brisbane. Tarehe 1 Septemba 1996 ilicheza mchezo wake wa mwisho huko Perth, dhidi ya Fremantle, mbali kabisa na mtaa wake, ikafungwa. Ilikuwa imebaki mwezi mmoja ligi ambayo ilishiriki kuianzisha ifikishe miaka 100.

Sasa tazama hesabu. Bendera 3 za South Melbourne, za 1909, 1918 na 1933, zilihama pamoja na klabu, na Sydney ilipoifunga West Coast mwaka 2005 watu walisema imesubiri miaka 72. Bendera 8 za Fitzroy hazikuhama. Brisbane Lions, klabu iliyotokana na muungano ule, ina 5 zake: 2001, 2002, 2003, 2024 na 2025. Simba aliyeko kifuani mwa jezi yake alitoka Fitzroy, herufi FFC za klabu hiyo zimeshonwa nyuma ya ukosi, lakini katika orodha ya mabingwa Fitzroy imebaki peke yake, kama jina lililochongwa kwenye kaburi.

Port Adelaide ndiyo kisa kichungu zaidi. Klabu hii ina bendera 36 katika ligi ya Australia Kusini, ilimaliza msimu wa 1914 bila kufungwa, na ilitaka kuingia AFL mwaka 1990. Wenzake wa Adelaide walikwenda mahakamani kuizuia, wakaunda Adelaide Crows badala yake. Port iliingia 1997. Mwaka 2004 iliinyima Brisbane bendera ya nne mfululizo, na katika orodha ya taifa hiyo moja ndiyo yake yote. Klabu ya mjini Melbourne iliyoshinda ligi ya klabu nane mwaka 1905 inaitwa bingwa wa AFL. Klabu ya Adelaide iliyoshinda ligi ya mji wake mwaka huo huo inaitwa ya jimbo. Sioni namna ya kulitetea hilo.

Wanawake wamefanyiwa vivyo hivyo. Ligi yao ya Victoria ilianza 1981, ikajiendesha kwa michango na jasho. AFL ilipozindua ligi yake ya wanawake tarehe 3 Februari 2017, watu 24,568 walijaza uwanja wa Princes Park, milango ikafungwa wengine wakiwa barabarani. Adelaide ilichukua bendera ya kwanza. Kumbukumbu za taifa zinaanzia hapo.

Na wachezaji wenyewe wamebadilika kupita fikra za wale wajumbe wa jumba la Buxton. Aliir Aliir, aliyezaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini, alianza na Sydney mwaka 2016, akahamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akateuliwa katika kikosi bora cha Australia nzima. Ligi nayo inazidi kupanuka: Tasmania imeshapewa kibali cha klabu ya 19.

Ligi yenye upana huo haina sababu ya kuendelea kutumia daftari la klabu nane. Katika mwaka huu wa 130 viongozi wake waandike upya orodha ya mabingwa, kila bendera tangu 1877 na jina la ligi iliyoitoa: Adelaide, Perth, Melbourne, wanaume kwa wanawake. Waandike pia, mahali pake, ile ya Collingwood ya Jumamosi tarehe 3 Oktoba 1896.