Zana za kukunja za mfukoni: Ipi yafaa katika pwani ya Kwale?

KATIKA pwani ya Kwale, kuanzia Diani hadi Gazi, Msambweni, Shimoni na Vanga, kazi nyingi za riziki hutegemea chuma kidogo kilicho karibu na mkono. Mvuvi hukata mshipi na kuchomoa ndoana, mhudumu wa bodaboda hukaza skrubu ya kioo, naye fundi wa hoteli hubana waya na kufungua masanduku. Kwa zaidi ya karne moja, watengenezaji wa ng'ambo wamekuwa wakikusanya zana hizo zote katika kifaa kimoja cha kukunja kinachotosha mfukoni. Swali kwa mnunuzi ni iwapo kifaa hicho kinastahili bei yake, hasa mahali ambapo hewa yenyewe ina chumvi.

Vifaa hivyo vimegawanyika katika jamii mbili kuu. Ya kwanza ni kisu cha Uswisi, ambacho hubeba zana ndogondogo kandokando ya bapa la kisu. Ya pili ni koleo la kukunja, ambalo mipini yake ndiyo ala ya visu, bisibisi, tupa na msumeno.

Asili yake

Kisu cha Uswisi kilianza katika karakana ya Karl Elsener, iliyofunguliwa mwaka 1884 katika kijiji cha Ibach, jimbo la Schwyz. Kufikia 1891 alikuwa akiwauzia wanajeshi wa nchi hiyo visu, na tarehe 12 Juni 1897 akasajili kisu cha maafisa kilichokuwa na zana zaidi na uzito mdogo. Mamake, Victoria, alipofariki mwaka 1909, jina lake likafanywa alama ya bidhaa. Mwaka 1921, chuma kisichoshika kutu upesi kilipoanza kutumiwa, neno la Kifaransa la chuma hicho likaunganishwa na jina hilo, na ndipo likapatikana Victorinox. Kampuni hiyo ilimnunua mshindani wake wa Uswisi, Wenger, mwaka 2005.

Koleo la kukunja lilitokana na usumbufu wa safari. Mwaka 1975, Mmarekani Tim Leatherman na mkewe walizunguka Ulaya na Mashariki ya Kati kwa gari kuukuu aina ya Fiat. Kisu alichokuwa nacho mfukoni hakikuwa na koleo, ilhali gari na mabomba ya vyumba vya kulala yalihitaji koleo kila mara. Baada ya miaka ya majaribio, alianzisha kampuni yake mjini Portland, jimbo la Oregon, mwaka 1983. Mji huohuo ndio chimbuko la Gerber, kampuni ya visu iliyoanzishwa mwaka 1939 na kununuliwa na Fiskars ya Finland mwaka 1987.

Ubora wa kazi

Victorinox husifiwa kwa usawa wa uundaji wake. Bawaba hazichezi, mikasi hukata hadi ncha, na visu vidogo vya sentimita 5.8 vina uzito wa gramu 21 hivi tu. Koleo lake la kukunja liitwalo SwissTool Spirit lina uzito wa gramu 210 hivi, na zana zake hufunguliwa kutoka nje bila kukunjua mipini.

Leatherman Wave, iliyoingia sokoni mwaka 1998, ina uzito wa gramu 241. Bapa laini, bapa la meno, msumeno na tupa vyote hufunguliwa kutoka nje, na visu vyake viwili kwa mkono mmoja. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu ambaye mkono wa pili umeshika kamba au usukani. Toleo la Wave+ la mwaka 2018 liliongeza vikata waya vinavyoweza kubadilishwa vikiharibika.

Gerber hujulikana kwa koleo ambalo kichwa chake huchomoka kutoka ndani ya mipini kwa mtikiso wa mkono. Ni wepesi unaofaa, lakini mchanga wa ufuoni ukiingia katika njia ya kichwa hicho, huteleza kwa shida. Aidha, ubora hutofautiana kati ya matoleo, kwa kuwa baadhi huundwa Marekani na mengine nje ya nchi hiyo.

Chumvi na kutu

Wengi huamini kwamba chuma cha visu hivi hakishiki kutu kamwe. Imani hiyo si sahihi. Chuma hicho kina kromiamu, ambayo hutengeneza utando mwembamba wa kukinga uso wake. Chumvi ya bahari hutoboa utando huo, na kutu huanza kama vidoa vidogo, hasa ndani ya bawaba ambako maji hukwama. Kadiri chuma kinavyoongezewa kaboni ili makali yadumu, ndivyo ulinzi huo unavyoelekea kupungua. Kwa sababu hiyo watengenezaji hawa huchagua chuma cha wastani. Visu vya Victorinox vina ugumu wa takriban 56 katika kipimo cha Rockwell, na Leatherman hutumia sana chuma kiitwacho 420HC. Aina zote mbili hupoteza makali mapema kuliko visu vya bei ya juu, lakini hunoleka kwa jiwe la kawaida la nyumbani.

Titani haishiki kutu hata majini. Mchanga wenye madini ya titani ulichimbwa Kwale na kampuni ya Base Titanium hadi Desemba 2024, ingawa sehemu kubwa ya madini ya aina hiyo duniani huishia katika rangi. Leatherman iliunda toleo la Charge TTi lenye mipini iliyovikwa titani, ila bapa, koleo na bawaba zilibaki kuwa za chuma. Mnunuzi asidhani basi kwamba kifaa kizima kimesalimika.

Dawa ya kutu ni utunzaji. Kifaa kilichoingia maji ya bahari kisuuzwe siku hiyohiyo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, huku zana zote zikiwa wazi. Kikauke kabisa, kisha bawaba zitiwe tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yaepukwe, kwani mengi hunata baada ya muda na kushika mchanga.

Usalama wa vidole

Tofauti iliyo muhimu kuliko zote ni komeo. Visu vingi vidogo vya Uswisi hushikiliwa na springi tu. Ukidunga kwa nguvu, bapa linaweza kujikunja juu ya vidole. Mvuvi aliyekatwa vidole mbali na ufuo yu mbali na hospitali pia, na mkono ndio mtaji wake. Wave za tangu 2004 na SwissTool zina makomeo kwa zana zake, na kwa kazi nzito hizo ndizo za kuchagua.

Hatari nyingine ni umeme. Mipini ya koleo hizi ni chuma kitupu, nayo hupitisha umeme moja kwa moja. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240, unaoweza kuua. Hakuna aina yoyote kati ya hizi inayofaa kugusa waya wenye umeme.

Nani anunue nini

Kwa mvuvi wa Gazi au Shimoni, koleo lenye ncha nyembamba na bapa la meno hufaa kuliko rundo la bisibisi, kwa kuwa meno hukata kamba iliyolowa bila kuteleza. Hata hivyo, kisu cha kawaida kisichokunjika bado ni bora kwa kupasua samaki, kwani hakina bawaba za kukusanya damu na magamba. Mgema naye hana la kutafuta katika vifaa hivi, maana kotama yake iliumbwa kwa ajili ya kugema tu, na hakuna bapa la kukunja linaloishinda.

Mhudumu wa bodaboda atafaidika na koleo na bisibisi, lakini nati za pikipiki zinahitaji spana. Koleo huzila pembe na kuzifanya zisifunguke tena. Mtembeza watalii wa Diani hatahitaji zaidi ya kisu kidogo chenye mkasi. Anayesafiri kwa ndege kutoka uwanja wa Ukunda akiweke katika mzigo wa kukabidhiwa, kwani visu haviruhusiwi mkononi ndani ya ndege.

Bidhaa bandia

Rahisi huvunja upishi, wahenga walisema, na soko la vifaa hivi limejaa nakala zinazofanana na asili kwa macho. Jina lililopigwa chapa kwenye chuma halitoshi kuwa ushahidi. Mnunuzi afunge koleo na kulitazama dhidi ya mwanga, maana taya zikiacha pengo nchani halitashika ndoana. Atikise kila bapa kuona kama lina mchezo, kisha akiwa ameweka vidole kando, abonyeze mgongo wa bapa juu ya ubao ili apime komeo. Sumaku haisaidii, kwani hata chuma halisi cha visu hivi hunaswa nayo.

Dhamana pia ihesabiwe. Leatherman hutoa dhamana ya miaka 25, ilhali Victorinox hudhamini visu vyake maisha yote dhidi ya kasoro za chuma na uundaji. Kutu iliyotokana na kutotunza haihesabiwi kuwa kasoro. Kwa mkazi wa Msambweni, faida ya dhamana hutegemea gharama ya kukituma kifaa na muda wa kukisubiri. Kwa hiyo, kabla ya kutoa maelfu ya shilingi, amwulize muuzaji kifaa kitarudishwa wapi na kwa gharama ya nani. Asipopata jibu, koleo la kawaida, bisibisi na kisu kizuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja vitamfaa kuliko nakala ya jina kubwa.