Ukara: Kazi, Sikukuu na Majonzi ya Kisiwani

Miongoni mwa familia zilizojiunga na usharika huu katika miaka 100 iliyopita zimo zilizotoka visiwani mwa Ziwa Victoria. Vitabu vya ubatizo vimehifadhi majina yao na tarehe tu. Mengine yote yamo katika kumbukumbu za wazee, hasa wale waliokulia Ukara, kisiwa kidogo kilicho kaskazini ya Ukerewe.

Tangu zamani Ukara imejulikana kwa wingi wa watu na ufinyu wa ardhi. Wakara hawakuweza kuliacha shamba lipumzike kwa miaka mingi. Ng'ombe walifungwa ndani ya nyumba, katika shimo, wakaletewa majani na maji. Samadi yao ilikusanywa na kupelekwa shambani. Katikati ya uwele ilipandwa marejea, kisha ikafukiwa ili kuurutubisha udongo. Hata miti ilikuwa na wenyewe. Hivyo mtoto wa Ukara alifahamu mapema kwamba riziki hupatikana kwa kazi ya kila siku. Usiku wa giza wavuvi walitoka na karabai kuvua dagaa, na kulipopambazuka akina mama waliwaanika juu ya mchanga na miamba.

Krismasi ilipokaribia, waliofanya kazi Mwanza na kwingineko walirejea nyumbani. Watoto walishinda ufukoni wakitazama tanga la kila mtumbwi, kwa kuwa pamoja na baba au kaka zilikuja nguo mpya, sukari na habari za bara. Baada ya ibada wali uliandaliwa, na jirani asiye na kitu aliitwa kama ndugu. Wazee husema kwamba sikukuu ilianza pale msafiri wa mwisho alipokanyaga nchi kavu. Kabla ya hapo akina mama hawakutulia.

Hofu yao haikuwa bure. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugolora, kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara. Kilijengwa kuchukua abiria 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 200. Wengi walikuwa wakirudi kutoka gulioni. Taifa liliomboleza kwa siku nne, na baadhi ya marehemu wakazikwa pale pale kisiwani.

Katika misiba ya namna hii ni desturi kusema kwamba Mungu amependa. Maneno hayo huwafariji wafiwa, lakini hayafai kuwa kifuniko cha uzembe. Mungu hakuagiza chombo kipakiwe kupita kiasi. Zaburi ya 107 inawakumbuka wasafiri wa majini na kumshukuru Bwana aliyewafikisha bandarini. Anayeiimba zaburi hiyo hana budi kuhesabu abiria, kukataa kupanda chombo kilichojaa, na kumzuia mwenzake asipande. Huo nao ni upendo kwa jirani, sawa na kuchimba kaburi na kuwalisha wafiwa.

Wazee waliolala chini ya tanga wakingoja upepo wanapungua mwaka hata mwaka. Inafaa vijana wa usharika wakae nao, waandike habari zao, na majina ya waliopotea ziwani yasomwe katika ibada ya kuwakumbuka marehemu. Bwana awape pumziko la milele, naye awafikishe salama wote wanaosafiri kwenda kwao.