Mchunga Haukupita Forodhani

Historia ya Malindi, mtaa wa kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, imeandikwa zaidi kutokana na yale yaliyopita bandarini. Ushuru wa asilimia 5 uliokubaliwa katika mkataba wa Sayyid Said na Marekani mwaka 1833, pembe za ndovu, karafuu, wakusanya ushuru kama Jairam Shivji na baadaye Tharia Topan: yote hayo yana karatasi. Mchunga hauna. Mmea huu wa jamii moja na alizeti, wenye maua ya manjano, utomvu mweupe na mbegu zinazopeperushwa na upepo, ulijiotea wenyewe mashambani na ukaingia mjini bila kuandikwa popote. Nashikilia kwamba kuuacha nje ya historia ni hasara kubwa, maana mchunga unatuonesha watu ambao vitabu vya forodha havikuwa na haja nao: waliolima na kupalilia Unguja hata mji ukapata mboga.

Ushahidi wa kwanza uko ardhini. Mchunga hutambaa chini kwa chini, na kipande cha mzizi kilichokatwa na jembe huweza kuchipua upya. Unapenda jua na udongo uliochimbuliwa, na kwenye kivuli kizito haustawi. Sasa tuuweke mmea wa tabia hiyo katika Unguja ya karne ya 19. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hiki, huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa, na mashamba mengi yaliyokuwa na kivuli yakabaki wazi. Mwaka 1897 utumwa ulipoondolewa kisheria, wengi waliokuwa watumwa walibaki mashambani kwa makubaliano: wapande mihogo na mboga zao chini ya miti, nao wampalilie mwenye shamba. Palizi hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu. Gugu lililong'olewa kwa faida ya mikarafuu na minazi lilikuwa kitoweo cha mpaliliaji, na kila alipolikata kwa jembe alilizidisha bila kukusudia. Mmea tunaouita wa mwitu kwa kweli ulilelewa na kazi ya mikono yao.

Atasema mtu kwamba mchunga umeenea Afrika ya Mashariki yote, kwa hiyo huenda ulifika Unguja kabla ya jembe lolote. Yawezekana, wala sibishani na hilo. Ninachodai hakihusu kufika kwake, kinahusu kukithiri kwake na kuingia kwake chunguni. Ng'ambo ya bahari, katika pwani ya Kilifi, Wamijikenda nao huupika, na huo ni ujuzi unaohitaji kufundishwa: majani yanachemshwa, maji ya uchungu yanamwagwa, ndipo yanaungwa kwa tui la nazi, mara nyingi pamoja na mboga nyingine laini zaidi. Upepo huleta mbegu, lakini ujuzi wa kuchuma na kupika hufunzwa na mama au nyanya.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba mchunga ni chakula cha njaa tu, na kwamba mlo halisi wa Malindi ulikuwa wali na samaki. Ni kweli kwamba Zanzibar ilitegemea mchele wa kuagiza, na Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942 utegemezi huo uliumiza wengi. Lakini chakula cha njaa huachwa shibe ikirudi. Mchunga haukuachwa, bado unauzwa kwa mafungu, na wapo wanaoutafuta kwa uchungu wake huohuo, kwa ladha na kwa kutuliza tumbo. Malindi kuna jengo maarufu la zahanati ya zamani, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan, na roshani zake za mbao zimeelezwa katika vitabu vingi. Tiba ya majani iliyokuwa majumbani haikuchongewa roshani. Atakayetaka kuandika habari zake aanze na masharti ya palizi na mapishi ya wanawake wa shamba, kisha ndipo aende forodhani.