Picha na Saini: Nani Atajua Jina Lako?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na picha je? Picha isiyo na jina nayo hupotea, hata kama karatasi yake bado unayo mkononi. Unaona uso, kanzu iliyopigwa pasi, kiti cha studio, basi. Ukiuliza huyu ni nani, kila mtu anatazama pembeni. Ndiyo maana ndugu zetu waliokuwa wakiandika nyuma ya picha, "Kwa rafiki yangu, ukumbusho," halafu saini na tarehe, hawakuwa wanafanya mbwembwe tu. Walikuwa wanaandika historia.

Desturi hii ina safari ndefu. Mwaka 1839 Ufaransa iliitangazia dunia ufundi wa Daguerre. Picha zake zilitokea kwenye bamba la madini, moja moja, bila nakala. Huwezi kumgawia rafiki kitu ambacho unacho kimoja tu! Mwaka 1854 mpiga picha wa Paris, Disdéri, akapata hati ya kumiliki ufundi wa kutoa picha ndogo kadhaa kwenye kioo kimoja, kisha kila moja ikabandikwa kwenye kadi. Bei ikashuka. Watu wakaanza kupeana, kutia saini na kupanga kwenye albamu. Kule Marekani, Sojourner Truth, mama aliyezaliwa utumwani, aliuza kadi za namna hiyo ili apate fedha za kuendesha mapambano yake. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini mwaka 1864 alihakikisha haki ya picha hizo imeandikishwa kwa jina lake mwenyewe. Mama huyo alijua kwamba uso ni mali, na mali inahitaji jina.

Huku kwetu mambo yalikwendaje? Sultani Barghash alipozuru London mwaka 1875 alipigwa picha, na jina lake tunalijua hadi leo, kwa sababu alikuwa sultani. Lakini mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, studio za Unguja kama ile ya Gomes zilikuwa zikiuza kadi za posta kwa wageni. Humo mmo mama zetu na babu zetu, wamekaa, wamesimama, wamebeba mizigo. Chini yake maelezo ni "mwanamke wa Kiswahili" au "mchukuzi". Eti hilo ndilo jina la mtu! Aliyeuza ndiye aliyeandika, na aliyepigwa picha hakuulizwa.

Sasa tazama mageuzi. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja. Mombasa akaja Parekh, na Lamu akaja Omar Said Bakor. Mteja akawa ni mwenyeji mwenyewe. Anavaa anavyotaka, analipa, anachukua nakala zake, anageuza nyuma na kuandika kwa mkono wake. Vijana wa marafiki wa kalamu walitiana picha kwenye bahasha kutoka Tanga hadi Kisumu. Saini ile ndogo ilikuwa jibu kwa kadi ya posta. Ilisema: mimi si "mchukuzi", mimi ni fulani bin fulani, na nakupenda wewe uliyeishika picha hii.

Lakini ole wetu, saini nyingi zinakufa kabla ya sura. Kwa nini? Tuanze na wino. Kalamu ya biki, ambayo asili yake ni ufundi aliouandikisha Biró mwaka 1938, mara nyingi hutumia rangi ambazo mwanga huzifubaza. Kalamu nyingi za maka nazo ni hivyo hivyo. Picha ikining'inizwa sebuleni mbele ya dirisha, uso unabaki na saini inayeyuka kama chumvi. Tena ukiikandamiza kalamu nyuma ya picha, alama zinatokeza mbele, na wino ambao haukukauka sawasawa unahamia kwenye picha iliyo chini yake.

Adui wa pili ni albamu yenyewe. Zile za kurasa zenye gundi na plastiki ya juu, zilizotamba sana miaka ya 1970 na 1980, zilionekana bomba. Kumbe gundi ile inageuka njano na kung'ang'ania picha, ukiibandua inachanika na saini ya nyuma inabaki kwenye ukurasa. Mifuko ya plastiki ya PVC nayo hutoa kemikali zinazonata na kuharibu.

Adui wa tatu ni hali ya hewa yetu. Uso wa picha ya studio umeshikwa na jelatini, kitu kinachotokana na mifupa na ngozi za wanyama. Unyevu ukizidi, jelatini inavimba, inaganda kwenye kioo cha fremu, inaota ukungu, na mende wanaiona chakula. Makumbusho hujitahidi kuweka unyevu kati ya asilimia 30 na 50. Pwani yetu mara nyingi hupita 70. Si mchezo!

Tufanyeje basi, sisi tusio na kiyoyozi? Mengi hayahitaji fedha. Picha yenye saini isitundikwe. Piga nakala, itundike nakala, ya asili ilale gizani. Kila moja iwe kwenye bahasha yake ya karatasi safi isiyo na asidi, au mfuko wa polipropilini au poliesta, kisha ndani ya boksi. Boksi likae kwenye kabati la ukuta wa ndani, si juu karibu na bati wala chini sakafuni. Ukitaka kuongeza jina nyuma, tumia penseli laini na uandike taratibu pembeni. Usiandike juu ya saini iliyofifia ili "kuitengeneza", maana hapo umeshaiua. Na usiipeleke kwenye laminesheni! Joto na gundi vikishaingia havitoki tena. Nakala ya kwenye simu ni nzuri, lakini piga pande zote mbili. Wengi wanapiga uso na kusahau mgongo, na mgongoni ndiko jina liliko.

Leo zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki, za miaka ya 1860 hadi 1960, zimehifadhiwa katika mkusanyiko wa Winterton kwenye Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Hatuna haja ya kuwalaumu, wametunza. Lakini chuo cha mbali hakiwezi kuturudishia jina ambalo hakuna aliyeliandika. Jina hilo lipo kwa bibi yako, na bibi hakai milele. Wewe unayetaka kuandika riwaya, kabla hujabuni mhusika wako wa kwanza, kaa naye na lile boksi la picha, shika penseli, na umuulize: huyu ni nani?