Habari za Plastiki ya Kutandika Mabwawa, na Usalama wa Maji ya Wakulima

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya ushirika wetu, wenzetu wameandika habari za mazao, za mikopo na za maghala. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za maji, nasi twaona hiyo si kazi ndogo, maana hakuna gunia la mpunga lililopata kupimwa Idodi ambalo safari yake haikuanzia mferejini.

Kila mwanachama ajua jinsi maji yalivyo machache kwetu. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi katika sehemu ipitayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na sababu kubwa iliyotajwa ni wingi wa maji yanayochepushwa huko juu katika bonde la Usangu. Maji hayo yana wenyewe wengi: mashamba, mifugo, wanyama wa hifadhi, na mitambo ya umeme ya Kidatu iliyoanza 1975 na ya Mtera, ambako bwawa lilikamilika 1980. Kwa hiyo tumezoea kushindania wingi wa maji. Lakini maji yana jambo la pili, nalo ni usafi wake. Maji yaliyopungua hungojewa mvua. Maji yaliyotiwa sumu, mvua yenyewe huweza kuyaeneza.

Ufundi wa kuzuia maji yasipenye ardhini ni wa kale sana. Katika mji wa Mohenjo-daro, ambao magofu yake yako Pakistani, watu walijenga birika kubwa miaka zaidi ya 4,000 iliyopita, wakaliziba kwa lami ya asili. Mahali pengine watu walitumia udongo wa mfinyanzi, wakautia maji na kuukanyaga hata ukashikana. Udongo huo ni mwema hata leo, lakini una kasoro moja: ukikauka hupasuka, na mahali pa ufa maji hupata njia.

Mwaka 1933, wataalamu wawili wa Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett, walipata kwa bahati tu katika majaribio yao kitu cheupe kama nta, nacho kikaitwa polithini. Miaka 20 baadaye, mwaka 1953, Karl Ziegler wa Ujerumani aligundua njia ya kuitengeneza polithini iliyo ngumu na nzito zaidi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, wahandisi wa Marekani walianza kujaribu kutandika plastiki chini ya mifereji ya kumwagilia mashamba. Wakulima wapaswa kulikumbuka hilo: plastiki hii ilitumiwa kuhifadhi maji mema kabla haijawa maarufu kwa kuzuia maji mabaya. Mwaka 1977 mhandisi Mfaransa, J. P. Giroud, aliipa jina la kitaalamu, jiomembreni, na katika miaka ya 1980 sheria za Marekani zikadai mashimo mapya ya kutupia taka za sumu yatandikwe tabaka mbili.

Sasa tutazame kwetu Nyanda za Juu Kusini. Tangu miaka ya 1920 watu wamechimba dhahabu Chunya, katika machimbo ya Lupa. Wachimbaji wadogo walitumia zebaki, na baadaye wengine wakaanza kuloweka marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, katika maji ya sianidi ili kutoa dhahabu iliyobaki. Sianidi huyeyusha dhahabu, lakini pia huua samaki, ng'ombe na mtu. Mito ya Chunya huelekea Ziwa Rukwa, wala haiji kwetu. Hata hivyo jirani akinyolewa, nasi yatupasa kutia maji kichwani. Kuanzia 1998, ulipofunguliwa mgodi wa Golden Pride huko Nzega, ukafuatwa na Geita mwaka 2000 na North Mara mwaka 2002, nchi yetu imekuwa na mabwawa makubwa ya topesumu, na plastiki ya kutandika imekuwa kitu cha lazima.

Mambo ya Tarime mwaka 2009 yatufaa kuwa somo. Baadhi ya mawe ya machimbo yana kiberiti ndani yake, nayo yakikutana na hewa na mvua hutoa maji makali yenye asidi. Mwezi Mei mwaka huo, maji ya namna hiyo yalipenya kutoka katika bwawa la mgodi wa North Mara yakaingia katika Mto Tigithe, ambao hupeleka maji yake Mto Mara. Wananchi walilalamika kwamba mifugo ilikufa na watu waliugua. Wenye mgodi walieleza kwamba plastiki iliyotandikwa ilikuwa imeibwa na watu. Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Twataka tu ionekane kwamba kitu kilichosimama kati ya asidi na mto kilikuwa chembamba kama ngozi, na kwamba palipokosekana ulinzi na masikilizano kati ya mgodi na vijiji, ngozi hiyo haikufaa kitu.

Somo la pili ni la Mwadui. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi wa Williamson ulibomoka, na tope likafunika nyumba na mashamba. Hapa lililoshindwa ni ukuta wenyewe. Plastiki haibebi mzigo wa ukuta dhaifu, kama vile nguo mpya isivyoweza kumsimamisha mgonjwa.

Basi plastiki hii hutandikwaje hata ikaaminiwa? Kwanza ardhi husawazishwa na kushindiliwa, na kila jiwe na kila mzizi huondolewa, maana jiwe moja lenye ncha latosha kutoboa. Penye sumu, chini yake huwekwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, ili tundu la plastiki lizibwe na udongo. Plastiki yenyewe, ambayo mara nyingi ina unene wa milimita 1.5, huja kama mikeka mikubwa iliyokunjwa kwa mviringo. Rangi yake nyeusi hutokana na masizi yaliyochanganywa humo ili jua lisiiharibu upesi. Mikeka hulazwa mmoja ukipanda mwingine, na kingo zake huunganishwa kwa moto wa mashine, mistari miwili yenye mfereji mdogo wa hewa katikati. Kisha fundi husukuma hewa katika mfereji huo na kutazama kipimo: hewa ikipungua, mshono una tundu. Plastiki haivutwi ikakaza, kwa kuwa hutanuka kwa joto la mchana na kujikunyata kwa baridi ya usiku. Mwisho kingo za juu hufukiwa katika handaki, na visima vya kupimia huchimbwa upande wa chini ili maji yachunguzwe mara kwa mara.

Katika kazi hii yote, hatari kubwa zaidi iko kwenye maungio, kwenye matundu ya mawe, na kwenye uzembe wa walinzi. Tena plastiki haigeuzi sumu kuwa maji safi. Huishika tu, na yapaswa kuishika miaka mingi baada ya aliyeitandika kuondoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa bwawa la sumu huanza mahali pasipoonekana.

Ndugu wanachama, sheria imetupa nafasi ya kuuliza mapema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yataka athari za mradi zichunguzwe kabla ya kazi kuanza, na wananchi wasikilizwe. Nayo yakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu maji ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 yataka kibali kwa anayemwaga majitaka, na kwa upande wetu msimamizi ni Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye ofisi Iringa. Siku yoyote atakapokuja mtu na bwawa lake juu ya mifereji yetu, viongozi wetu na waulize: Ni tabaka ngapi? Nani alipima maungio, na karatasi za vipimo ziko wapi? Nani analinda? Visima vya kupimia viko wapi, na majibu yake husomwa na nani? Na wachimbaji wakiisha kuondoka, nani atabaki na bwawa?

Mkulima mmoja akiuliza maswali hayo aweza kupuuzwa. Chama kizima kikiuliza, kwa maandishi na kwa adabu, hapana budi kijibiwe. Kwa miaka kumi tumejifunza kupima mazao yetu kwa mizani moja. Katika kumi ijayo, na tujifunze kuyapima maji yetu pia.