Historia ya The Evil Dead na watu wanaotunza vitu vyake

Leo naleta historia ya muvi moja, lakini inaanzia kwenye kikao.

Wiki mbili zilizopita, pale kituo cha vijana, tulikuwa tunajadili kibanda umiza cha upande wa soko. Jumamosi usiku walionyesha The Evil Dead, na watoto wawili hawakulala hadi asubuhi. Mama mmoja akasimama. Huyu mama namheshimu sana, maana siku tunaletwa kambini kutoka Kigoma mjini tulipanda basi moja na familia yake. Akauliza: "Hawa watoto wameona maiti za kweli. Nyinyi mnawaonyesha maiti za uongo ili wapate nini?"

Watu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu wanajua naipenda hiyo muvi kupita kiasi. Nikababaika. Nikasema, "Mama, ni burudani tu." Jibu la kijinga, hata mimi mwenyewe nililiona. Kwa hiyo leo najaribu kumjibu vizuri, na jibu langu linapitia kwenye historia.

Mwaka 1978, jimbo la Michigan kule Marekani, kulikuwa na marafiki watatu: Sam Raimi, Bruce Campbell na Robert Tapert. Raimi na Campbell walijuana tangu sekondari, wakitengeneza vichekesho kwa kamera ndogo za nyumbani. Hawakuwa na studio, wala mjomba huko Hollywood. Walianza na filamu fupi inaitwa Within the Woods, iliyogharimu kama dola 1,600 hivi. Hiyo haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya kuwaonyesha watu wenye pesa kwamba jamani, sisi tunaweza kutisha watu, tupeni mtaji tutengeneze ndefu. Wakazunguka kwa madaktari wa meno, wanasheria na wafanyabiashara wa kwao. Hebu fikiria, kijana wa miaka ishirini anaingia kwa daktari wa meno kuomba pesa za muvi ya mizimu! Lakini walipata.

Mwishoni mwa 1979 wakaenda Morristown, jimbo la Tennessee, kwenye nyumba ya mbao iliyoachwa porini. Raimi, mwongozaji, alikuwa ndio ametimiza miaka 20. Walipanga wiki sita tu. Wiki sita zikapita, baridi ikawa kali, pesa zikaisha, na waigizaji wengi wakarudi kwao. Waliobaki wakavaa nguo za walioondoka, wakapigwa picha mgongo, mkono au mguu, ili mtazamaji asijue kwamba mtu amebadilika. Damu ilikuwa sharubati nzito ya mahindi iliyotiwa rangi. Lenzi nyeupe za macho ya waliopagawa zilikuwa nene mpaka mwigizaji hamuoni aliye mbele yake. Na ile picha inayotisha kuliko zote, ambapo kitu kisichoonekana kinakimbia katikati ya miti, mnajua waliifanyaje? Walifunga kamera kwenye ubao, mmoja akashika huku, mwingine kule, wakakimbia nao porini. Basi. Ubao tu.

Kwa ambaye hajaiona: vijana watano wanaenda kupumzika kwenye ile nyumba. Chini ya sakafu wanakuta kitabu kilichofunikwa kwa ngozi ya binadamu, na rekoda ya mkanda. Wanaiwasha, maneno ya kitabu yanasomwa, mizimu inaamka, na mmoja mmoja wanapagawa mpaka anabaki Ash, ambaye ni Bruce Campbell. Kile kitabu kilitengenezwa na msanii anaitwa Tom Sullivan. Likumbukeni jina hilo, tutarudi kwake.

Tarehe 15 Oktoba 1981 ikaonyeshwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa Redford Theatre, Detroit. Waliegesha gari la wagonjwa nje ili watu waogope hata kabla ya kuingia. Ujanja wa vijana huo! Lakini kampuni kubwa hazikuitaka. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1982 ilipopelekwa Cannes, Ufaransa, mahali wanunuzi wa filamu wa dunia nzima wanakutana. Mwandishi Stephen King, ambaye tayari alikuwa jina kubwa kwenye hadithi za kutisha, akaitazama huko, akaiandikia makala ya kuisifu. Baada ya hapo milango ikafunguka, na kampuni ya New Line Cinema ikaisambaza Marekani.

Sasa mje Uingereza, maana hapa ndipo swali la yule mama lilipoulizwa na nchi nzima. Mwaka 1983 The Evil Dead ilitoka kule kwenye sinema na kwenye kanda za video, na watu waliikodi sana. Wakati huo deki za nyumbani zilikuwa kitu kipya na hakukuwa na sheria ya kanda. Wazazi wakaogopa, magazeti yakapiga kelele, mwanaharakati Mary Whitehouse akaongoza kampeni. Waendesha mashtaka wa serikali wakatoa orodha ya kanda zinazoweza kushtakiwa, na The Evil Dead ikawemo. Polisi wakaingia madukani wakazoa kanda. Mwaka 1984 ikapitishwa sheria kwamba kila video lazima ikaguliwe na kupangiwa umri. Kuanzia hapo ilichukua mpaka mwaka 2001 ndipo Waingereza wakaruhusiwa kuinunua nzima, bila kukatwa hata kipande.

Na katika miaka hiyo yote, nani aliitunza? Siyo makumbusho, siyo serikali. Ni mashabiki. Mtu aliyebaki na kanda aliificha, akamnakilia rafiki, rafiki akanakilia mwingine. Nakala ya nakala ya nakala, picha imejaa mistari, sauti inakwaruza, lakini muvi haikufa. Sisi tunaozungusha muvi kwa flashi na memori kadi, hiyo historia tunaielewa vizuri.

Halafu vitu vikaanza. Mwaka 1987 ikaja Evil Dead II, ambapo mkono wa Ash unapagawa, anaukata mwenyewe na kufunga chenso mahali pake. Mwaka 1992 ikaja Army of Darkness, Ash anatupwa zamani za wafalme na mapanga. Hiyo haikuingiza pesa nyingi sinema, lakini kwenye kanda ikapata watu wake. Mwaka 2000 kampuni ya McFarlane Toys ikatoa sanamu ndogo ya Ash, na baadaye NECA wakatoa nyingi zaidi. Mwaka 2002 ikatoka DVD yenye ganda la mpira linalofanana na kile kitabu cha ngozi, kwa mkono wa Tom Sullivan yuleyule. Sullivan pia amezunguka kwenye mikutano ya mashabiki akiwaonyesha vitu halisi alivyotengeneza wakati wa muvi. Watu wanasafiri mbali kwenda kutazama kitabu cha uongo. Toronto, Kanada, mwaka 2003, wakaanzisha mchezo wa jukwaani wa nyimbo, na wanaokaa viti vya mbele wanarushiwa damu bandia. Wengine wanavaa nguo nyeupe makusudi, ili warudi nyumbani na shati lenye madoa!

Kitu kinachonigusa zaidi kiko Morristown. Ile nyumba ya mbao ilikuja kuungua. Kilichobaki ni bomba la moshi la mawe. Mashabiki wakawa wanakwenda mpaka kule porini, na wengine wanaondoka na jiwe. Jiwe tu, halina jina, halina saini. Ukilikuta njiani ungelipiga teke. Lakini mwenye nalo analiweka kabatini na kuwaambia wageni lilikotoka.

Mwanzoni na mimi nilicheka nilipoyasikia hayo. Nilisema hawa wazungu wana nafasi na pesa za kupoteza. Halafu nikanyamaza, kwa sababu na mimi nina jiwe langu.

Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, alikuwa na sidii ya The Evil Dead kule Uvira. Ganda lake lilikuwa karatasi ya fotokopi: mwanamke amenyoosha mkono juu, na mkono mwingine umetoka udongoni umemkaba shingo. Yaya alinikataza kuitazama. Nilikuwa na miaka tisa. Nikaitazama kwa kuiba, usiku nikakojoa kitandani, na yeye akaamka kabla ya mama, akafua shuka, hakumwambia mtu. Baada ya hapo akasema, "Kama utatazama, utatazama na mimi." Tukaitazama pamoja mara nyingi. Sehemu mbaya alikuwa ananiziba macho, halafu ananielezea jinsi walivyofanya: ile ni rangi, ule ni ubao. Sijui alijua kweli au alikuwa anabuni. Nimekuja kusoma baadaye nikakuta mengi alisema sawa.

Tulipokimbia, sidii ilibaki. Karatasi nilikuwa nimeikunja kwenye daftari la hesabu, na daftari lilikuwa kwenye begi. Yaya tulipotezana kabla ya kufika ziwani. Jina lake liko kwenye orodha ya wanaotafutwa mpaka leo. Sina picha yake hata moja. Nina ile karatasi, mikunjo imeanza kuchanika, na pembeni kuna alama ya kalamu ambapo aliandika namba ya simu ya mtu aliyemuazima. Namba haipatikani, nimeshajaribu.

Kwa hiyo mama, jibu langu ndilo hili. Maiti za kweli hatukuzichagua, na hakuna aliyetuziba macho. Muvi hii ina dakika themanini na tano, inaisha, jenereta inazimwa, unatoka nje unacheka na wenzako kwamba ulipiga kelele. Mtu aliyekaa na mkubwa wake akaelezwa kwamba ile ni sharubati na ubao, anajifunza kuogopa akiwa salama. Mimi hicho ndicho nilichopata.

Lakini nawe una haki, na sitaki kujifanya sikukusikia. Watoto wale wawili hawakuwa na mtu wa kuwaziba macho. Na kuna sehemu moja kwenye muvi hii ambapo miti inamdhalilisha msichana. Kuna watu hapa kambini ambao hawatakiwi kukutana na sehemu hiyo gizani bila kuambiwa. Raimi mwenyewe, alipokua, alikiri kwamba pale alizidisha. Waingereza walifungia kila kitu, na kanda zikaingia mafichoni, ambako mtoto anatazama peke yake. Tukifunga kibanda, itatokea hivyohivyo kwenye simu.

Napendekeza mambo haya kwenye kikao cha Jumamosi. Moja, muvi za kutisha zisiwe za chini ya miaka kumi na sita, na mlangoni asimame mtu, mimi najitolea. Mbili, kabla ya kuwasha, aliyeiona aseme wazi kuna nini ndani, na anayetaka kutoka atoke bila kuchekwa. Tatu, ikiisha tukae nusu saa tueleze ilivyotengenezwa. Nne, kituo kitupe rafu moja. Kuna vijana hapa wanachora Ash kwa kalamu ya risasi, kuna dogo ametengeneza chenso kwa boksi na waya. Viwekwe mahali visiloweshwe na mvua.

Na nyinyi wa mashirika, ombi dogo. Mkiona mtoto amechora mzimu, msikimbilie kuandika kwenye fomu kwamba ana kiwewe. Inawezekana anacho. Lakini muulizeni kwanza ni muvi gani, na aliitazama na nani.

Jumamosi nitakuja na karatasi yangu, mama aione. Yeye alikuwa anamfahamu yaya.