Serikali Inatuona, Sisi Hatuioni

Kabla ya Maisha Namba kulikuwa na Huduma Namba, na kabla ya Huduma Namba kulikuwa na kipande. Leo nataka tupitie hiyo stori yote, kwa sababu kila mwaka tunaambiwa teknolojia ndiyo itaunganisha wizara, mipango ya serikali ishikane, na maendeleo endelevu yafike hadi mtaani kwenu. Mimi siipingi teknolojia. Ndiyo inanilisha. Lakini ukiifuata historia utaona kuna njia mbili. Kuna mitambo ya serikali kutuona sisi, na kuna mitambo ya sisi kuiona serikali. Ya kwanza haijawahi kukosa pesa tangu enzi za mkoloni. Ya pili kila ikianza, inaachwa ife.

Tuanze na kipande

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa vilivyo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole, nani amemwajiri na analipwa ngapi. Karatasi ilikaa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukitoka kazini kabla mwajiri hajaandika kwamba amekuachilia, hupati kazi kwingine, na polisi wakikushika unashtakiwa.

Sasa hebu kiangalie hicho kipande kama mtu wa kompyuta. Hiyo ilikuwa hifadhidata, tofauti ni kwamba ilikuwa ya karatasi. Iliunganisha sera ya kodi, sera ya kazi na sera ya ardhi ya walowezi. Na ilifanya kazi vizuri sana. Watu hupenda kusema serikali zetu hazijui kupanga mambo pamoja. Zinajua. Zilijua miaka mia moja iliyopita, bila umeme.

Mmoja wa waliosimama kuipinga alikuwa Harry Thuku, kijana aliyekuwa opereta wa simu kwenye Hazina ya serikali hapo Nairobi. Yaani alikuwa mtu wa mitambo ya wakati wake. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu wakajaa nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele kabisa, na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Walioshuhudia walisema ni zaidi. Nyanjiru alikuwa kati ya waliouawa.

Kipande kiliondolewa baadaye, vikaja vitambulisho vya watu wote. Wanawake waliingizwa kwenye sheria hiyo mwaka 1978. Lakini ile tabia ya kumtaka mtu athibitishe kwanza kwamba ni wa hapa haikuondoka. Uliza kijana Mnubi wa Kibera, ambaye babu zake waliletwa hapo kama askari wa King's African Rifles. Wenzake walienda kwa chifu wakaandikishwa. Yeye alipitishwa kwanza mbele ya kamati ya kupigwa msasa.

Siku dirisha lilipofunguliwa

Sasa turuke hadi 2009. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zinafika Mombasa, bando linaanza kushuka bei, M-Pesa tayari ina miaka miwili. Katiba mpya inapita 2010, na ndani yake kuna kifungu cha 35: kila raia ana haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali.

Tarehe 8 Julai 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya data huria ya Kenya. Aliyeisukuma sana ni Bitange Ndemo, wakati huo katibu wa kudumu katika Wizara ya Habari na Mawasiliano. Kenya ilikuwa kati ya nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Ungeweza kuingia ukaona matumizi ya serikali, shule ziko wapi, hospitali ziko wapi, sensa ya 2009 inasema nini kuhusu kwenu. Bila kuhonga mtu, bila kujulikana na mtu.

Hii ndiyo njia ya pili niliyokuwa naisema. Kwa mara ya kwanza mwananchi alikuwa na pa kuchungulia ndani.

Halafu ikawaje? Ofisi nyingi hazikutaka kutoa data zao. Hakukuwa na sheria ya kuzilazimisha. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ilikuja 2016, miaka mitano baadaye. Data mpya zikapungua, za zamani zikazeeka, watu wakaacha kuingia. Hakukuwa na kesi wala kelele. Ilikufa kama grupu ya WhatsApp: hakuna aliyeifunga, watu waliacha tu kuandika.

Na pesa zikaenda wapi?

Njia ya kwanza nayo haikulala. Mwaka 2019 ikaja Huduma Namba. Ahadi ilikuwa tamu: namba moja, taarifa zako zote pamoja, wizara zinaongea, mipango inakuwa sahihi. Zaidi ya watu milioni 36 walipanga foleni. Wengi wenu mnakumbuka wazazi wakienda kwa chifu na stakabadhi zote za nyumba, kwa sababu ilisemekana bila hiyo namba hutapata kitu.

Walioenda mahakamani ni akina nani? Nubian Rights Forum, pamoja na mashirika mengine ya haki. Wale wale waliojua maana ya kupigwa msasa. Januari 2020 Mahakama Kuu ilisema kukusanya DNA na mahali unapoishi kwa GPS ni kinyume cha katiba, na kwamba mpango wenyewe usiendelee kabla ya kuwekewa sheria na kanuni za kutosha. Oktoba 2021 ikasema tena kwamba kadi zilitolewa bila kwanza kupima hatari kwa data za watu, jinsi sheria inavyotaka. Mpango ukakwama. Mwaka 2023 tukaletewa Maisha Namba.

Angalia hiyo mwendo. Tovuti ya data ilipokwama, hakuna aliyeleta nyingine kwa kasi hiyo.

Mtu ataniambia: lakini serikali si lazima ijue watu wake ndiyo iwahudumie? Kweli kabisa, na hapo nakubali bila shaka. Sensa ya 2019 ilifanywa kwa tableti badala ya makaratasi, ikatuhesabu watu 47,564,296, na bila hesabu kama hiyo huwezi kugawa pesa za kaunti kwa haki. Shida inaanza pale mtambo unapokuwa wa upande mmoja.

Chukua NEMIS, mfumo wa kuwaandikisha wanafunzi ulioanza 2017. Wazo ni zuri: hesabu wanafunzi halisi, tuma pesa kulingana nao, shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Lakini ili mtoto aingizwe, alitakiwa awe na cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani huko Turkana au Tana River, ambaye mzazi wake hakuwahi kufika ofisi ya usajili, yuko darasani anaandika insha, lakini kwenye kompyuta hayupo. Mwalimu anamwona, Nairobi haimwoni. Na asiyeonekana ndiye maskini kuliko wote, yaani yule yule ambaye maendeleo endelevu yanasema asiachwe nyuma.

Au chukua mbolea ya ruzuku. Wakulima waliandikishwa kidijitali kupitia machifu, wakaanza kupokea meseji za kuwaambia wakachukue mbolea kwa bei ya 2,500 kwa gunia. Mkulima alijulikana jina, namba ya simu, ukubwa wa shamba. Kisha mwanzoni mwa 2024 ikagunduliwa kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa kupitia mpango huo yalikuwa na mbolea isiyofikia viwango. Fikiria hapo. Mfumo ulijua kila kitu kuhusu mwenye kununua. Kuhusu kilichokuwa ndani ya gunia, mkulima hakuwa na mahali pa kubonyeza aone.

Hata pesa zenyewe zina mtambo wake, IFMIS, ulioanzishwa 2003 na kufanyiwa marekebisho makubwa kuanzia 2011. Uliletwa ili kila shilingi ya serikali iache alama. Lakini sakata ya NYS ya 2015, zile milioni 791, malipo yalipita humo humo. Swali moja kubwa lilikuwa nani alitumia nenosiri la nani. Alama ziliachwa, sawa. Ila walioweza kuziona ni walewale waliokuwa ndani. Mwananchi hadi leo husubiri ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na inapofika ni PDF ndefu, miezi mingi baada ya pesa kwisha.

Kenya ilikuwa mezani

Hapa nataka msikie kitu ambacho hatukufundishwa. Yale malengo 17 ya maendeleo endelevu ambayo dunia ilipitisha 2015, na ambayo muda wake unaisha 2030, hayakuandikwa na wazungu wakatuletea. Kikundi cha Umoja wa Mataifa kilichoyatayarisha kiliongozwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa balozi wetu, Macharia Kamau. Lengo la 16 linazungumzia taasisi zinazowajibika na watu kupata habari. Tulikuwa pale likiandikwa, na miaka minne kabla yake tulikuwa tayari tumeizindua tovuti. Hatuwezi kusema hatukujua.

Juni 2023 serikali ikazindua Gava Mkononi: huduma zaidi ya 5,000 ndani ya eCitizen. Kabla Julai haijaisha, eCitizen ikashambuliwa mtandaoni, kundi linalojiita Anonymous Sudan likidai ndilo lililohusika. Pasipoti zikakwama, viza zikakwama, hata tiketi za treni. Ukiweka kila kitu kwenye mlango mmoja, ujue ukifungwa nchi nzima inalala nje. Serikali ilijenga upana kwanza. Kuta na madirisha vikaja nyuma.

Tukajijengea wenyewe

Halafu ikaja 2024, na hii mnaijua kuliko mimi. Mswada wa Fedha ulikuwa mrefu na mkavu. Vijana hawakungoja serikali iueleze. Kuna waliounda roboti za akili bandia unazoziuliza swali, zinakujibu kifungu gani kitapandisha bei ya nini. Kuna waliotafsiri kwa video, Kikamba, Dholuo, Kikalenjin, Kisomali, hadi lugha ya ishara. Ilikuwa ile tovuti ya 2011 imefufuka, safari hii bila bajeti wala afisa wa kukata utepe. Tarehe 25 Juni watu waliingia Bunge, na wengi wa rika letu waliuawa siku hiyo. Kesho yake rais akakataa kutia saini mswada.

Mwaka uliofuata, programa mmoja wa Nairobi akaunda tovuti ndogo ya kumsaidia mwananchi kutuma barua pepe bungeni kupinga vifungu vya Mswada wa Fedha wa 2025. Kushirikisha umma, kitu ambacho katiba inadai. Alikamatwa tarehe 30 Mei, akafungiwa wikendi nzima ya Madaraka Dei, kisha akashtakiwa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018, eti aliingilia mfumo wa kompyuta. Tarehe 20 Juni mahakama ikatupilia mbali mashtaka.

Serikali inayosema inataka wananchi wa kidijitali ilimlaza seli mwananchi wa kidijitali, kwa sababu mtambo wake ulielekea upande ambao haukuzoeleka.

Kwa hivyo wakija tena na mfumo mpya, na watakuja, usiulize kwanza kama ni wa kisasa. Uliza mimi nitaona nini kupitia huo mfumo. Kama wizara ya kilimo, ya maji na ya fedha zitaongea kwa kompyuta, mazungumzo yao tuyasome pia: bajeti, zabuni, malipo na ukaguzi, kwa muundo ambao kijana mwenye laptopu anaweza kupakua na kuhesabu siku hiyo hiyo.

Na huhitaji kungoja mfumo mpya. Ile sheria ya 2016 bado ipo. Unaandika barua au barua pepe kwa ofisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, huhitaji kueleza sababu, na kuwasilisha ombi hakulipiwi. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Wakikunyamazia, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale wa Ombudsman. Anza na kitu kidogo: dispensari ya mtaa wenu ilitengewa pesa ngapi mwaka huu wa fedha, na zilizofika ni ngapi. Tuma wiki hii, piga picha ya tarehe uliyotuma, na ukijibiwa, weka jibu hapo chini tulisome wote.